Fedha za Sputnik na Hisabati ya Entebbe

Tarehe 4 Oktoba 1957 Wasovieti walirusha Sputnik, satelaiti ya kwanza duniani, na Marekani ikaingiwa na kiwewe. Lawama nyingi ziliangukia shule. Mwaka uliofuata Rais Eisenhower alitia saini sheria ya kugharimia elimu kwa jina la ulinzi wa taifa, na kufikia 1959 bajeti ya NSF, taasisi ya serikali inayofadhili sayansi, ilikuwa imepanda kutoka dola milioni 40 hadi milioni 134.

Lakini kazi ilikuwa imeshaanza. Tangu 1956 Jerrold Zacharias, mwanafizikia wa chuo cha MIT nchini Marekani, alikuwa akiliandika upya somo la fizikia la sekondari kwa fedha hizohizo za NSF. Sputnik ilifungua mfuko zaidi. Mwaka 1958 Edward Begle wa Chuo Kikuu cha Yale naye akapewa fungu la kuandaa vitabu vya hisabati mpya, ambamo mwanafunzi alikutana na seti na mantiki badala ya kukariri kanuni tu.

Upepo huo haukuchelewa kufika Afrika. Mwaka 1961 Zacharias aliwakutanisha wanasayansi na wanaelimu, Waafrika wakiwamo, katika jumba la Endicott House huko Massachusetts. Mwaka uliofuata wataalamu wa Afrika, Uingereza na Marekani walikutana Entebbe, Uganda, kando ya Ziwa Victoria, kuandika vitabu wakiongozwa na Ted Martin, pia wa MIT. Walioligharimia zoezi hilo ni wakfu wa Ford Foundation na USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani. Vitabu vya Entebbe vikaanza kujaribiwa madarasani katika nchi kadhaa zilizofundisha kwa Kiingereza.

Kumbe palikuwa na swali ambalo lilistahili kutangulia: watoto hawa, na wazazi wao, wanahesabu vipi tayari? Waliolifuatilia kwa makini ni John Gay, mwalimu wa Chuo cha Cuttington nchini Liberia, na mwanasaikolojia Michael Cole. Waliishughulikia jamii ya Wakpelle. Katika jaribio moja watu walioneshwa mchele na kutakiwa kukadiria ni vikombe vingapi. Wakulima wa Kikpelle, ambao wengi wao hawakuwa na elimu ya shule, waliwaacha mbali Wamarekani wasomi. Mchele walikuwa wakiupima maisha yao yote. Kitabu cha watafiti hao kilitoka 1967, miaka mitano baada ya kikao cha kwanza cha Entebbe. Vitabu vingi vya shule vilikuwa vimekwisha kuandikwa.

Nchini Kenya hisabati mpya ilizua malalamiko ya wazazi na walimu, hadi Rais Moi alipotangaza mwisho wake mwaka 1981.

Mradi wa SMASSE wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika sekondari, ulioanzishwa 1998 na Kenya kwa ushirikiano na shirika la Japani la JICA, ulishika njia nyingine. Ulianza na uchunguzi katika wilaya tisa, ukabaini matatizo ya mitazamo, mbinu za kufundishia na uhaba wa vifaa, ndipo mafunzo ya walimu yakapangwa. Huu ndio mpangilio uliokosekana Entebbe. Tena mzigo haukubebwa na Wajapani peke yao: mafunzo ya wilayani yaligharimiwa kwa sehemu ya karo iliyolipwa na wazazi wa Kenya.