Sigiri ya safari

Sigiri ni jina la Kampala la jiko dogo la mkaa, la chuma kitupu au la chuma kilichotandikwa udongo ndani, ambalo hutumika majumbani, kwenye vibanda vya wachoma nyama na ndizi za gonja, na vilevile katika safari za kupiga kambi, ambako huchukua nafasi ya shimo la moto linalochimbwa ardhini na kuacha doa lililoungua. Nyingi hutoka kwa mafundi wa Katwe, mtaa ulio kusini mwa katikati ya jiji na unaosifika kwa uhunzi wa chuma chakavu, ingawa mtu mwenye nyundo, patasi na subira anaweza kujiundia yake.

Malighafi rahisi kupatikana ni ringi ya gurudumu la gari, kwa sababu matundu yaliyotobolewa kiwandani ili breki zipoe ndiyo yanayopitisha hewa chini ya mkaa. Kinachobaki ni kuchomelea miguu mitatu, kuweka wavu wa nondo, na kutega sinia la kupokea majivu. Ringi iwe ya chuma, si ya alumini, kwani alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 za Selsiasi, kiwango ambacho mkaa unaopepewa hukifikia bila taabu. Anayetumia pipa la mafuta la lita 200 hulijaza maji kabla ya kulikata, maana mvuke wa mafuta uliosalia ndani huweza kulipuka, na huepuka bati lenye zinki, ambalo likipata moto mkali hutoa moshi unaoleta homa.

Sigiri ya pipa huwa na vyumba viwili, cha mkaa juu na cha majivu chini, vikitenganishwa na bamba lenye matundu. Chumba cha chini hukatwa mlango mdogo upande mmoja tu, na bati lake huachwa likining'inia kama kizibo: likifunguliwa moto huwaka kwa nguvu, likisukumwa ndani mkaa hudumu.

Utando wa udongo, ambao huchanganywa na unga wa mbao unaoungua wakati wa kuchomwa na kuacha vinyweleo vya kuzuia joto lisipotee, hupunguza sana mkaa unaohitajika, kama lilivyodhihirisha jiko lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980. Kwa safari, hata hivyo, udongo ni mzigo, tena hupasuka kwa mitikisiko ya barabara mbovu. Chuma kitupu kinafaa zaidi.

Sigiri haiingizwi hemani hata mvua ikinyesha, kwa sababu mkaa unaofifia hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua watu usingizini. Kuhusu mkaa wenyewe, biashara yake kaskazini mwa Uganda ilipigwa marufuku kwa amri ya Rais mwaka 2023, na baadhi ya wakazi wa Kampala hutumia makaa yaliyofinyangwa kwa maganda ya matoke, ambayo huchelewa kushika moto.