Kutoka mia mbili ya kibandani hadi dola 80: gemu ilituacha wapi?

Ukitaja Kalenga, watu wengi wanawaza fuvu la Mkwawa. Sawa kabisa, makumbusho yapo, na fuvu lenyewe lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Ila mimi mtoto wa Kalenga ukiniuliza historia ya pale, kichwani kinakuja kibanda cha mabati, benchi moja la mbao, TV ya chogo, na foleni ya madogo wenye kandambili wanaotetemeka kwa baridi ya Juni. Pale ndipo nilipojifunza kucheza gemu, na mpaka leo nacheza. Nina zaidi ya miaka 20 kwenye hii kitu, kwa hiyo leo niacheni niongee.

Siku hizi kila mtu analia bei. Kweli bei imepanda. Lakini nikiangalia nyuma naona tulichopoteza sisi ni kikubwa kuliko bei.

Enzi ya mia mbili

PlayStation 2 ilitoka Japani Machi 2000, na Marekani ikaanza kuuzwa Oktoba mwaka huohuo kwa dola 299. Kwetu ilichelewa. Ilikuja ikiwa imeshatumika, na fundi ameshaifungua ili isome CD za kunakili. Sheria za kibanda zilikuwa chache: mechi moja mia mbili, anayefungwa analipa na anampisha mwingine. Maana yake nini? Ukiwa mkali unacheza mpaka magharibi, halafu sarafu yako ya Karume unarudi nayo nyumbani. Ukiwa mbovu, hela ya daftari inaishia pale na nyumbani unaenda kujieleza.

Gemu lilikuwa Winning Eleven, baadaye Pro Evolution Soccer. Leseni za timu nyingi hawakuwa nazo, kwa hiyo Liverpool iliitwa Merseyside Red na sisi tuliona kawaida tu. Ukichukua timu yenye Adriano, watu wanaguna kabla mechi haijaanza, maana shuti lake la mguu wa kushoto lilikuwa halizuiliki. Na wale waliocheza Master League wanamkumbuka Castolo, mchezaji ambaye hajawahi kuwepo duniani lakini amefunga magoli mengi kuliko mastaa wengi wa kweli.

Siku ambazo hakuna mpira ilikuwa GTA San Andreas, ya mwaka 2004. Kulikuwa na dogo mmoja mwenye daftari la Hisabati ambalo kurasa za nyuma zote zilikuwa kodi za GTA: ya silaha, ya hela, ya kuwakimbiza polisi. Yule aliheshimika kuliko kiranja mkuu.

Halafu ukaja mgao wa umeme wa 2006. Unaongoza mbili moja, dakika ya 80, giza. Kaka mwenye kibanda alikuwa na msimamo mmoja: umeme ukikatika, hela hairudi. Hiyo kesi haijaisha hadi leo.

Sasa tuwe wakweli. Zile CD zilikuwa feki. Gemu halali lilikuwa kama dola 50, na dola wakati ule ilikuwa karibu shilingi 1,100, yaani shilingi 55,000. Nani Kalenga angetoa hela hiyo kwa CD moja? Konami na Rockstar hawakupata hata senti yetu. Sijisifii kwa hilo. Nasema tu kwamba bila CD feki na mfumo wa mia mbili, kizazi chetu kisingejua gemu ni nini.

Mechi ikawa jero

Nilipohamia Mbeya kusoma, vibanda vya Mwanjelwa vilikuwa vimeshaanza kuweka PlayStation 3. Mechi ikawa jero. Na hapo mfalme alibadilika: FIFA ikampiga PES, madogo wakahama. PS2 haikufa upesi hata hivyo. Sony waliacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013, lakini FIFA 14 na PES 2014 bado zilitolewa kwa ajili yake, miaka 13 baada ya mashine kuzaliwa. Hebu fikiria simu yako ya leo ikipata gemu mpya baada ya miaka 13.

Raha ya FIFA kwa Mtanzania ilikuwa kumkuta Samatta. Kwanza akiwa Genk, halafu Januari 2020 akasajiliwa Aston Villa, Mtanzania wa kwanza Ligi Kuu ya England. Watu ambao hawajawahi kuijali Villa walianza kuichagua.

Lakini ndipo nilipoanza kuona mchezo mwingine nje ya uwanja. Kila Septemba toleo jipya, ukiangalia ndani ni jezi mpya na usajili mpya. Ultimate Team, iliyoanza na FIFA 09, ikafanya watu walipe tena ndani ya gemu waliyokwisha kulipia, wakifungua pakiti bila kujua watapata nani. Ubelgiji waliona hiyo ni kamari, na EA wakaacha kuuza FIFA Points kule mwaka 2019. GTA V ndio kabisa: ilitoka 2013 kwa PS3, ikauzwa tena kwa PS4, ikauzwa tena kwa PS5. Gemu moja, vizazi vitatu vya mashine. Na PES yetu? Mwaka 2021 ikabadilishwa jina kuwa eFootball, ikawa ya bure, ikazinduliwa na sura za wachezaji zilizopinda mpaka dunia nzima ikacheka. Mimi sikucheka.

Tuje kwenye hesabu

Miaka ya PS2 gemu jipya lilikuwa dola 50. Kizazi cha PS3 likawa 60. Mwaka 2020 likaanza kuwa 70, NBA 2K21 ikiwa ya kwanza kutangaza. Juni 2025 Nintendo wakaiweka Mario Kart World dola 80.

Wazungu wanajitetea kwamba dola 50 ya 2004 ni zaidi ya dola 80 za leo, kwa hiyo gemu halijapanda. Kwao hesabu hiyo inakubali. Kwetu, dola 70 ukizidisha kwa shilingi 2,600 unapata 182,000. Kutoka 55,000 hadi 182,000, hiyo ni zaidi ya mara tatu. Hata hivyo sukari nayo imepanda, nauli imepanda, kwa hiyo sitalia sana hapo.

Kinachoniuma ni mashine. PS2 ilianza dola 299, mwaka 2002 ikashuka hadi 199, na 2009 ikafika 99. Mashine ikizeeka, ilikuwa inashuka hadi kumfikia mtu wa chini. PS5 ilianza dola 499 mwaka 2020, na Agosti 2025 Marekani ikapandishwa hadi 549. Imezeeka, na imepanda! Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 1.4 kabla ya usafiri na faida ya muuza duka. Mwenye kibanda akitoza buku kwa mechi, anahitaji mechi zaidi ya 1,400 kulipia mashine tu. Hapo hajanunua TV, hajaweka LUKU, hajalipa kodi ya chumba.

Na bado kuna mlango mwingine. Tanzania haimo kwenye nchi za PlayStation Network, kwa hiyo unafungua akaunti ya nchi ya watu na kutafuta kadi za kununulia gemu. Kadi yangu ya kwanza, kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, ilikuwa imeshatumika na mtu mwingine. Kisha gemu linataka bando la GB kibao. Na ukinunua mtandaoni, hauna CD. Huwezi kumwazima jirani, huwezi kuiuza ukikwama, huwezi kumrithisha mdogo wako.

Zamani CD moja ilizunguka mtaa mzima. Leo gemu limefungwa kwenye akaunti ya mtu mmoja, ndani ya chumba kimoja, mlango umefungwa. Hicho ndicho tulichopoteza.

Mpwa wangu ana miaka 12. Anacheza eFootball kwenye simu, bure, na ni mkali kuliko mimi. Likizo iliyopita nilimuuliza amemfunga nani. Akasema, "Sijui mjomba, jina lake ni namba namba tu."

Nikatoa PS2 yangu ya zamani kabatini, nikaweka PES 6 yenye mikwaruzo. Ikawaka. Tukacheza mpaka mama yake akaita mara tatu. Nilimfunga na Adriano, akanuna, akadai marudiano, akanipiga, akakimbia nje kuwaambia wenzake. Kesho yake walikuja madogo wanne mlangoni.

Sikuwatoza. Ila sheria niliirudisha: anayefungwa anampisha mwenzake.

Wewe ulianzia kibanda gani, na mechi ilikuwa shilingi ngapi?