Tunda Mtini na Tunda Mwilini: Sura Moja ya Historia ya Pemba

Waarabu wa kale walikipa kisiwa cha Pemba jina la Al-Jazira Al-Khadhra, yaani Kisiwa cha Kijani, na mtu afikaye huko hata leo haoni sababu ya kulibadili jina hilo. Vilima na mabonde yake yamefunikwa na mikarafuu, minazi, miembe, mifenesi na migomba, na katika msimu wake embe huanguka kwa wingi kuliko waokotaji. Palipo na neema ya namna hii mtu angetazamia kukuta watu wenye damu ya kutosha na nguvu timamu. Lakini uchunguzi uliofanywa huko katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa watoto wa shule walio wengi walikuwa na upungufu wa damu. Habari hizi mbili, wingi wa matunda na uhaba wa damu, zaonekana kupingana. Ukweli ni kwamba hazipingani. Kilichomo katika tunda ni jambo moja, na kinachofika katika damu ya mlaji ni jambo la pili. Baina ya mawili hayo ipo njia ndefu ambayo wanadamu walichukua karne nyingi kuitambua.

Matunda ya Pemba hayakuwa yote ya asili. Kisiwa hiki kimo katika bahari ya pepo za misimu, na kila taifa lililosafiri kwa pepo hizo liliacha mbegu. Majina yenyewe ni kama daftari la forodha. Embe, fenesi na zambarau ni majina yenye asili ya Bara Hindi. Nanasi, papai na pera yalikuja kwa ndimi za Wareno, ambao waliyachukua matunda hayo kutoka Amerika. Na hilo la mwisho kwao ni jina la tunda jingine la Ulaya, ambalo Waswahili walilivika tunda hili la nchi za joto. Ibn Battuta, aliyepita mwambao huu mwaka 1331, alikuta watu wa Mogadishu wakila achari ya embe na malimau pamoja na wali, na watu wa Mombasa wakila zambarau. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika yapata mwaka 1518, aliitaja Pemba pamoja na Mafia na Unguja kuwa visiwa vyenye rutuba, vilivyojaa mpunga, miwa, machungwa na malimau.

Nguvu ya matunda hayo ilipata kushuhudiwa katika mwambao huu kabla ya kueleweka. Tarehe 7 Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga mbele ya Mombasa. Baadhi ya mabaharia wake walikuwa wameshikwa na kiseyeye, maradhi ya kuvimba ufizi, kutokwa na damu na kuishiwa na nguvu. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, miwa, na machungwa na malimau kwa wingi. Mwandishi wa habari za safari ile alieleza kuwa wagonjwa wote walipona, akamshukuru Mungu, na sababu aliyoitaja ni uzuri wa hewa ya mahali pale.

Miezi tisa baadaye Wareno walirudi kutoka Bara Hindi. Walikuwa wamekaa baharini karibu miezi mitatu, na watu 30 walikuwa wamekufa kwa maradhi yale yale. Walipofika Malindi tarehe 7 Januari 1499 walituma mtu pwani kutafuta machungwa, na kesho yake machungwa yakaletwa. Safari hii hayakufaa sana. Wengi wa wagonjwa walifia pale pale. Mwandishi akaitaja tena hewa, na mara hii aliilaumu. Hewa ya Mombasa na ya Malindi ni moja, na tunda lilikuwa lile lile. Kilichotofautiana, kwa elimu ya leo, ni hali ya miili iliyolipokea: iliyotangulia ilikuwa imepungukiwa, na ya pili ilikuwa imekwisha kuharibika.

Sababu ya kweli ilitafutwa polepole. Mwaka 1747 tabibu Mskoti, James Lind, aliwagawa mabaharia 12 wagonjwa wa kiseyeye wawili wawili, akawapa kila wawili dawa mbalimbali. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi. Kuanzia mwaka 1795 manowari za Uingereza zilipewa maji ya limau kwa amri, na kiseyeye kikatoweka. Ndipo lilipotokea kosa ambalo lastahili kukumbukwa na kila asemaye juu ya matunda. Katika miaka ya 1860 limau la Bahari ya Kati liliachwa, likachukuliwa ndimu la visiwa vya Karibi, kwa kudhaniwa kuwa tunda lililo kali zaidi halikosi kuwa na nguvu zaidi. Mwaka 1875 msafara wa George Nares ulikwenda upande wa Ncha ya Kaskazini ukiwa na maji ya ndimu, na kiseyeye kikawarudia watu wake. Ilikuwa mwaka 1918 ndipo Harriette Chick na wenzake wa Taasisi ya Lister, London, walipothibitisha kuwa maji ya ndimu yana kiasi cha robo tu ya nguvu ya maji ya limau. Ndugu wawili wa ukoo mmoja wa matunda, na tofauti yao ilikuwa uhai na mauti.

Mwaka 1932 ilithibitika kuwa kitu kile ni asidi ya askobiki, ambayo ndiyo vitamini C, na tangu hapo matunda yakaanza kupimwa. Gramu 100 za pera huwa na zaidi ya miligramu 200 za vitamini hii. Papai lina yapata 60, chungwa yapata 50, ndizi haifiki 10. Ukwaju, pamoja na ukali wake wote, una miligramu tatu au nne tu, na hapo yaonekana kuwa ulimi si mizani. Embe nalo halina kipimo kimoja: ziko aina zisizofika miligramu 20, na ziko zipitazo 100. Kwa hiyo asemaye "embe" bila ya kutaja kuwa ni dodo au boribo au aina nyingine, amesema jina la mti, hajasema habari ya lishe.

Hata kipimo cha tunda hakimalizi habari, maana mwili haupokei kila ulacho. Mfano bora ni vitamini A, ambayo mwili huiunda kutokana na karotini, ile rangi ya manjano ya embe na papai. Mwaka 1967 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walihesabu kuwa sehemu sita za karotini ya chakula hutoa sehemu moja ya vitamini. Mwaka 1995 Saskia de Pee na Clive West walitoa habari za akina mama wa Indonesia waliolishwa mboga za majani zenye karotini nyingi, na hali yao ya vitamini A haikutengemaa. Mwaka 1998 kundi hilo hilo likaonyesha kuwa sehemu moja ya vitamini huhitaji karotini ya matunda sehemu 12, na ya majani sehemu 26. Katika jani karotini imefungwa ndani ya chembe za kijani. Katika tunda lililoiva imo ndani ya matone ya mafuta, nayo hutoka kwa wepesi zaidi. Tena utumbo hauwezi kuifyonza pasipo mafuta. Basi papai lililiwalo baada ya wali wa nazi lina faida ambayo papai lililiwalo peke yake halina.

Na kwa madini ya chuma, ambayo ndiyo asili ya wekundu wa damu, matunda yenyewe yana machache. Kazi yao ni kusaidia: vitamini C huigeuza chuma ya nafaka na maharage iwe katika hali ambayo utumbo waweza kuipokea, ilimradi vyote viwe katika mlo mmoja. Pera lililoliwa saa kumi jioni halisaidii maharage ya saa saba mchana. Na chai ikinywewa pamoja na chakula huishika chuma ile na kuizuia.

Hapo ndipo habari za Pemba zinapokutana. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamepata huko Tumbe mabaki ya uwele wa karne za awali za mwambao, na huko Chwaka mabaki ya mpunga uliofuata. Na katika zama za Wareno Pemba ilikuwa ghala ya mchele ya Mombasa. Karne ya 19 ikaleta karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuisaza kwa sehemu kubwa ile ya Pemba, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu. Kisiwa kilichokuwa kikiuza mchele kikawa kinanunua mchele, na mlo wa maskini ukaegemea muhogo. Matunda yalibaki, lakini yalibaki kuwa kitu cha kutafuna njiani.

Adui mkubwa zaidi alikuwa ardhini. Waswahili walimjua kwa dalili zake wakamwita safura, neno la Kiarabu lenye maana ya umanjano, kwa kuwa mgonjwa hupauka. Ni minyoo iingiayo kwa nyayo tupu na kunyonya damu utumboni. Rebecca Stoltzfus na wenzake walipowapima watoto wa shule zaidi ya 3,000, waliona kuwa 62 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa damu, na katika upungufu ulio mkali, sehemu 73 katika 100 zilitokana na safura. Tunda gani litaujaza mtungi unaovuja?

Jibu lililoonekana rahisi lilikuwa kuwapa watoto chuma yenyewe. Katika kisiwa hicho, ambako mwaka 2000 ilifunguliwa Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, watoto wachanga zaidi ya 24,000 waliingizwa katika jaribio la kupewa chuma, asidi ya foliki na zinki. Mwaka 2003 sehemu ya chuma ilisimamishwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kuwa waliopewa chuma walizidi wenzao kwa sehemu 12 katika 100 kwa kufa au kulazwa hospitali, kwa kuwa malaria ilikuwa nyingi. Lakini miongoni mwa waliochunguzwa kwa makini na kutibiwa malaria, wale waliokuwa na upungufu halisi wa chuma walinufaika. Shirika la Afya Duniani lilibadili mashauri yake kwa ajili ya habari hii iliyotoka Pemba.

Malaria imepungua sana Zanzibar tangu wakati ule, na dawa za minyoo hugawiwa shuleni. Hayo nayo yahesabiwe katika historia ya matunda, ingawa hayaoti mtini. Kiatu, choo, chandarua na dawa ya safura vimo katika elimu ya lishe sawasawa na pera na embe, maana ndivyo vinavyolifanya tunda lililoliwa liwe tunda lililopokewa. Mabaharia wa Malindi walikuwa na machungwa mikononi, na walikufa nayo.