Hadubini ya Wells na Watu wa Tasmania

Wengi wakiitaja The War of the Worlds ya H. G. Wells hukumbuka mashine zile za miguu mitatu na mwali wa joto unaowaunguza Waingereza kama nyasi kavu. Sawa, zinasisimua. Lakini mimi naona chombo kikubwa kuliko vyote katika riwaya hii, iliyotoka kitabu mwaka 1898, ni hadubini.

Inatokea mwanzoni kabisa: viumbe wa Mirihi wanatuchungulia kama mtaalamu achunguzaye vijidudu ndani ya tone la maji. Kisha mfano huo unarudi kwa sura nyingine. Mara binadamu ni sisimizi. Mara ni sungura aliyerudi shimoni kwake akakuta watu wanachimba msingi wa nyumba. Mara ni dodo (siyo embe, yule ndege wa Mauritius aliyekwisha kabisa). Na mwishoni ni vijidudu haswa, bakteria, vinavyowaua wavamizi pamoja na magugu yao mekundu. Kilichokuwa mfano tu ukurasa wa kwanza sasa kinaua kweli.

Wells hakuyaokota hayo hewani. Alisomeshwa baiolojia na T. H. Huxley, yule mtetezi mkubwa wa Darwin, na wazo lenyewe lilitokana na maongezi na kaka yake Frank kuhusu yaliyowapata wenyeji wa Tasmania mikononi mwa Wazungu. Katika sura ya kwanza anawataja waziwazi: kabla ya kuwalaumu wa Mirihi, tukumbuke sisi tulifanya nini kule. Kumwambia hivyo Mwingereza wa enzi ya Malkia Victoria, jamani, si mchezo.

Ila hebu tuitazame historia. Baada ya vita vya miaka ya 1820 kuwaua wengi, waliobaki walihamishiwa kisiwa cha Flinders, mahali paitwapo Wybalenna. Huko maradhi yakawafyeka. Mwaka 1847 walirudishwa watu 47 tu. Yaani Tasmania vijidudu vilikuwa upande wa mvamizi. Wells akavigeuza, vikamwokoa mwenyeji. Na mwenyeji huyo aliyeokolewa ni nani? Mtu wa London!

Kinachonikera zaidi ni hiki. Riwaya inasema Watasmania walifutika wote. Ndivyo ilivyodaiwa tangu Truganini alipofariki mwaka 1876, hata mifupa yake ikaanikwa katika makumbusho ya Hobart kuanzia 1904 hadi 1947. Uongo mtupu, wazao wao wapo mpaka leo. Wells aliwahurumia kwa dhati, lakini aliwatazama kwa jicho lilelile la hadubini, wakawa alama, sawa na yule dodo wake. Mwaka 1899, kitabu kikiwa na mwaka mmoja tu madukani, mama mmoja aliyezaliwa Wybalenna, Fanny Cochrane Smith, alisimulia na kuimba nyimbo za kwao, kwa lugha ya kwao, mbele ya mashine ya kunasa sauti kwenye nta. Sauti yake ingali inasikika.