Kanda Isiyo na Jina

Katika chumba cha kumbukumbu ninakofanyia utafiti wangu wa shahada ya uzamili kuna kanda za kaseti za miaka ya 1980, sauti za wazee wakisimulia maisha yao. Baadhi zina lebo nyeusi za plastiki, zenye herufi nyeupe zilizotuna kiasi cha kusomeka kwa kidole. Nyingine zilibandikwa lebo mpya miaka ya karibuni, kwa nia njema kabisa, na zile za zamani zikatupwa. Lebo hizo mpya leo ni karatasi nyeupe tupu.

Nilisikiliza kanda moja kati ya hizo. Bibi anasimulia njaa ya utotoni mwake, anacheka, anakohoa, anaendelea. Jina lake halitaji. Lilikuwa kwenye lebo.

Mwezi uleule niliombwa nisaidie kuchagua mashine mpya ya lebo. Nilidhani ni suala la kulinganisha bei tu, kumbe lilikuwa swali la historia.

Mwaka 1935, huko Los Angeles, R. Stanton Avery alianza kutengeneza lebo zenye gundi tayari, za kubandua na kubandika. Bado ziliandikwa kwa mkono au taipureta. Mwaka 1958, huko California pia, ikaanzishwa Dymo. Kifaa chake kilikuwa na gurudumu la herufi: unazungusha, unabana, na plastiki inavutika mpaka inageuka nyeupe. Hakuna wino, kwa hiyo hakuna cha kufifia. Udhaifu wake ni gundi, ambayo huzeeka na kuachia, hasa kwenye kitu cha mviringo.

Mwaka 1988 kampuni ya Kijapani ya Brother ilileta P-touch. Humo joto huhamisha wino kutoka kwenye utepe hadi kwenye mkanda, na katika mikanda yake maarufu wino hufunikwa kwa plastiki nyembamba. Maji na mikono havigusi herufi.

Aina nyingine haitumii wino kabisa. Karatasi yake imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto, kama risiti ya dukani. Ni rahisi na ya haraka, nayo inafaa kwa kifurushi kitakachofika wiki ijayo. Lakini joto lililoizaa, pamoja na mwanga, ndivyo vinavyoiua. Chumba chetu hakina kiyoyozi, na jua la alasiri hupiga moja kwa moja kwenye rafu.

Basi nikajifunza kuuliza kwanza: jina hili linatakiwa kuishi muda gani? Kwa makopo ya viungo jikoni, mkanda uliofunikwa plastiki utastahimili mvuke na kufutwafutwa. Kwa vifurushi, karatasi ya joto inatosha. Kwa sauti ya mtu aliyefariki, chukua mkanda wenye wino uliofunikwa, kisha andika jina hilohilo kwa penseli kwenye daftari. Tena angalia bei ya mikanda kabla ya bei ya mashine, maana mashine unainunua mara moja.

Tulinunua ya utepe wa wino. Lebo ya kwanza niliyochapa ilikuwa ya kanda ile: "Bibi, njaa ya utotoni, jina halijulikani." Maneno hayo yatadumu miaka mingi. Ningependa yasidumu.