Gari Moja Linalowaka ni Bora Kuliko Matano Juu ya Mawe

Wiki hii tuzungumzie magari makuukuu. Sisemi daladala zilizochoka. Nasema zile Land Rover 109, Peugeot 404 na malori ya Bedford yaliyolala nyuma ya nyumba za watu hapa Shinyanga, Kahama na Geita. Matairi yametoka, chesisi iko juu ya mawe, na kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Mama mwenye nyumba anataka mahali pa kuanikia nguo, kijana anataka kujenga vyumba vya kupangisha, na mnunuzi wa vyuma chakavu amekwishafika mlangoni na mizani yake. Mzee anasema hapana, magari haya nitayafufua.

Kabla ya kumcheka mzee huyo, hatuna budi kujua ni kwa nini ana magari matano mabovu badala ya moja zima. Jibu limo katika historia yetu.

Magari hayo yaliletwa na kazi. Mwaka 1940 John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi Mwadui, na mgodi wake ukawa chanzo cha kazi, na cha magari pia. Huku pamba nayo ilihitaji malori ya kuitoa vijijini hadi kwenye viwanda vya kuichambua. Barabara zilikuwa za udongo mweusi wa mbuga, ambao mvua ikinyesha hunata kama ulimbo. Gari lililopita humo lilipata heshima. Peugeot 404 nayo ilipata sifa kwa mashindano ya Safari Rally, ambayo ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na ule wa 1967 uliletwa na Bert Shankland, dereva wa Tanzania. Baada ya hapo, nani asingetaka kuwa na 404?

Kisha ikaja miaka ya dhiki. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977. Vita dhidi ya Idi Amin vikafuata mwaka 1978 hadi 1979. Fedha za kigeni zikawa adimu, na ikafika wakati magari binafsi yakapigwa marufuku kutembea Jumapili mchana. Dukani hakukuwa na plagi, seuze giaboksi.

Hapo ndipo mizoga ilipopata thamani. Mtu aliyetaka gari lake litembee alilazimika kuwa na la pili la kuchinja, na wa mbali na Dar es Salaam alihitaji la tatu. Hili linatoa difu, lile linatoa kabureta, na lile jingine linatoa mlango. Aliyekuwa na mizoga mitatu uani hakuwa mchafu. Alikuwa na ghala ya spea, kama vile mfugaji wa Kisukuma anavyokuwa na benki zizini.

Lakini mambo yalibadilika. Mwaka 1984 milango ya biashara ilianza kulegezwa, mwaka 1986 ukaja mpango wa kufufua uchumi, na katika miaka ya 1990 magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika. Spea zikarudi madukani. Miji nayo ikapanuka. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, wa Bulyanhulu karibu na Kahama mwaka 2001, na Geita ikawa mkoa mwaka 2012. Kiwanja ambacho zamani kilikuwa pori la mbuzi sasa ni mali inayogombewa. Kwa hiyo mzoga umepoteza kazi yake ya ghala, na kilichobaki ni mapenzi.

Mapenzi si kosa. Ila mapenzi ya gari yanataka vitu viwili, nafasi na muda, na vyote viwili vimepungua. Gari lililosimama halisubiri, linaoza. Petroli inaharibika ndani ya tangi, mipira ya breki inakauka, panya wanakata nyaya, na maji ya mvua yanakula sakafu. Mwenye magari matano na Jumapili moja ya mapumziko atafungua injini ya hili, atagusa breki za lile, na mwaka utakwisha hakuna hata moja lililowaka. Mshika mawili, moja humponyoka. Mshika matano je?

Sisi wa Shinyanga tunao mfano mzuri nyumbani. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ulifufua desturi ya ngitili. Mfugaji hazuii mbuga yote. Anatenga sehemu yake, anailinda, na wakati wa kiangazi sehemu hiyo ndiyo inayowaokoa ng'ombe. Na magari yawe hivyo hivyo.

Hebu mzee achague moja. Asitazame lile alilolipenda zaidi ujanani, atazame lile ambalo chesisi yake haijaliwa na kutu, kadi yake ipo, na spea zake bado zinapatikana. Hilo liwekewe paa na liwashwe mara kwa mara. Kutoka kwa yale manne atoe vinavyoingiliana nalo, difu, stata, taa na vioo, avipake grisi na kuvipanga kwenye rafu. Yanayobaki awape nafasi kwanza mafundi na wapenzi wenzake, kwa maana fundi hulipia kifaa, lakini mizani hulipia kilo tu. Na kama gari linauzwa zima, jina libadilishwe kwenye kadi, ili kesho makosa ya mwingine yasimfuate yeye.

Mwisho, apige picha na kuandika kwenye daftari: gari hili lilinunuliwa mwaka fulani, lilibeba pamba ya kijiji fulani, lilimpeleka mama fulani hospitali usiku wa mvua. Historia ya gari si bati lake pekee. Makumbusho ya Taifa kule Dar es Salaam yamehifadhi Rolls-Royce iliyotumiwa na Mwalimu Nyerere, lakini taifa halikuweka kila gari alilopanda Mwalimu. Machache yaliyotunzwa vizuri yanatosha kusimulia.

Wapo watakaosema kupunguza ni kusaliti. Mimi naona kinyume chake. Mzee asipochagua akiwa hai, watachagua warithi. Na warithi hawajui ni Bedford ipi ilivuka mto Manonga ukiwa umefurika. Arobaini ikiisha wataita lori la vyuma chakavu, na mchana mmoja tu utatosha kuyabeba yote matano, zima na bovu, pamoja na kadi zake zilizosahaulika kabatini.

Basi chagueni wazee wetu, wakati funguo bado ziko mikononi mwenu.