Kura Isiyofika Riyadh

Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 82, inalitaka Bunge litunge sheria ya kuwasajili hatua kwa hatua Wakenya wanaoishi nje, ili nao wapige kura. Maneno hayo, "hatua kwa hatua", ndiyo yaliyoamua yote yaliyofuata.

Mwaka 2013 hatua ya kwanza ilifika Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi. Waliosajiliwa huko walikuwa 2,637, nao walimpigia kura rais peke yake. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba haki hiyo itimizwe kidogo kidogo. Mwaka 2017 ikaongezwa Afrika Kusini. Kufikia 2022 nchi zilikuwa 12, zikiwemo Qatar na Falme za Kiarabu, na waliosajiliwa walikuwa 10,443. Saudi Arabia, iliyokuwa na makumi ya maelfu ya Wakenya, haikuwemo.

Hata ingekuwemo, vituo vya nje huwekwa kwenye balozi. Mkenya anayefanya kazi mtaa wa Al-Murabba, Riyadh, angefika kwa teksi. Aliye Jeddah angesafiri karibu kilomita 950. Tena uchaguzi wa Kenya huwa Jumanne, siku ya kazi Saudia. Dada anayefanya kazi za nyumbani angeombaje ruhusa?

Nchi nyingine zilitumia posta. Ujerumani Magharibi ilianza 1957; jimbo la Oregon, Marekani, lilimchagua rais kwa posta mwaka 2000. Kwa kawaida mpiga kura hutumiwa karatasi mapema. Huiwekea alama, huitia katika bahasha isiyo na jina, kisha ndani ya bahasha nyingine anayoitia sahihi. Maofisa huhakiki sahihi, hutenganisha bahasha, ndipo huhesabu. Hivyo hujua nani amepiga kura, lakini hawajui amemchagua nani.

Faida yake ni wazi: hakuna nauli, hakuna ruhusa, na kuna muda wa kufikiri. Hatari pia ipo. Anayeishi nyumbani kwa mwajiri huenda barua yake ikafunguliwa na mwingine, au akapiga kura huku anatazamwa.

Kwa hiyo hatudai posta ichukue nafasi ya ubalozi. Tunaona Kenya iweke njia zote mbili, na mpiga kura achague iliyo salama kwake. Wakenya wa Saudia walikuwa wamengoja miaka 12 kufikia uchaguzi wa 2022, na bado hawakupata hata moja.